Nimevunjwa mkono kazini na mteja, mwajiri kasema "hayo ni yenu wawili". Hivi hakuna kanuni?

#1 Karani wa Mizani

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika, wilaya mojawapo ya korosho huku Mtwara. Jina la chama sitaji na msinilazimishe, bado nategemea kuitwa msimu ujao. Kwa wasioijua kazi hii: mkulima analeta korosho, mimi nakagua, napima, namwandikia risiti yake. Basi kila kilichomuudhi mkulima tangu shambani kinamwishia mbele yangu. Salfa ya kupulizia mikorosho imechelewa, mimi. Bei ya mnada imeshuka, mimi. Makato hayaelewi, mimi. Hela haijaingia benki, karani kala.

Oktoba iliyopita, msimu ndio kwanza unachangamka, alikuja kijana na magunia manne ya baba yake. Mawili safi kabisa. Mawili ukizamisha mkono unasikia ubaridi, na korosho ukizitikisa kiganjani hazilii. Anayezijua anajua: iliyokauka inagonga kama kokoto, mbichi inatoa sauti kama ya mbao iliyolowa. Nikamwambia kwa upole, haya mawili karudishe uanike siku mbili tatu, nikiyapokea ghala kuu watayakataa na hasara itarudi kwenu. Akasema namdharau. Nikainama kuandika yale mawili mazuri.

Kilichofuata sikukiona. Tuna kipande cha mbao cha kuegeshea mlango wa ghala usipigwe na upepo. Kilinishukia kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nikaangukia mizani, mizani ikaandika kilo 31, na mimi nikabaki nazikodolea macho zile 31 kama vile ni gunia la mtu.

Polisi, PF3 (ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa), hospitali, plasta wiki sita. Wiki sita ndio nusu ya msimu wenyewe, na sisi tunalipwa kwa siku. Nilipomfuata kiongozi wangu alinijibu hivi, namnukuu: "Karani, hayo ni yenu wawili, chama hakijampiga mtu." Jioni yake ikaitwa suluhu kwa mwenyekiti wa kijiji. Mzee wa yule kijana ni mtu mkubwa kwenye chama, mnaelewa. Nikapewa elfu hamsini na jogoo. Jogoo nilimla. Elfu hamsini iliishia kwenye bodaboda za kwenda kliniki.

Swali langu kwa wajuzi: mashine ikinikata kidole, kuna OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini, kuna mfuko wa fidia, kuna mkaguzi wa kuuliza kwa nini mashine haikuwa na kinga. Mteja akinivunja mkono palepale, saa ileile ya kazi, kwa sababu ya kazi ileile, inakuwaje yanageuka "yetu wawili"?

#2 Mla Ming'oko

Kilo 31 hizo ulimkata nani? 😂 Pole lakini mkuu. Jogoo alikuwa wa kienyeji?

#3 Karani wa Mizani

Wa kienyeji. Na alikuwa mgumu.

#4 Zamu ya Usiku

Pole sana kaka yangu. Umenigusa mahali.

Mimi ni muuguzi, mkoa wa Lindi, zahanati ya kijijini. Usiku tunakuwa wawili kwenye ratiba ya ukutani, mmoja kwa uhalisia. Mlinzi ni wa kijiji, kuna mwezi halipwi na kuna mwezi haonekani. Mwaka juzi, saa nane usiku, waliletwa ndugu wawili waliokatana mapanga kwenye uraka, pombe ya mabibo. Na walioleta majeruhi nao wamekunywa uleule. Nilisema huyu mmoja lazima akimbizwe hospitali ya wilaya, hapa sina damu ya kumwongezea. Nilipigwa kofi ambalo sikio la kushoto lilivuma mpaka Ijumaa. Nikiwa bado navumiwa nikamfunga jeraha yuleyule ambaye kaka yake kanipiga, maana ningefanyaje?

Asubuhi nikaripoti. Swali la kwanza nililoulizwa: "Ulimjibuje mteja?"

Nendeni kituo chochote cha afya, mtaona sanduku la maoni la kumshtaki nesi mwenye kauli mbaya. Ni sawa, wapo wenye kauli mbaya, nawajua. Ila sanduku la nesi kumshtaki aliyempiga sijaliona mahali.

#5 Sheria Ziko Wazi

Tatizo la Watanzania kila kitu mnataka sheria mpya. Kupiga mtu ni kosa la jinai tangu enzi za mkoloni. Kanuni ya Adhabu ipo. Mtoa mada ulikuwa na PF3 mkononi, ukaamua kula jogoo. Serikali ikutungie kanuni gani ya kukukataza kula jogoo?

#6 Mla Ming'oko

Jogoo kageuka hoja ya kitaifa.

#7 Wakili wa Mikoani

Mkuu #5 uko sahihi nusu. Shambulio la kudhuru mwili lipo kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miaka mitano. Mtoa mada angeweza kukaza. Ila jinai inamshughulikia aliyepiga, baada ya kupiga. Haimuulizi mwajiri kwa nini karani mmoja anakaa peke yake na watu sitini wenye hasira, na mlango mmoja.

Tuangalie upande wa sheria za kazi, maana ndiko kwenye pengo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza unyanyasaji wa mfanyakazi. Lakini inauhesabu kama aina ya ubaguzi, yaani lazima uufungamanishe na jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito na mengine yaliyoorodheshwa. Umepigwa kwa sababu korosho ni mbichi? Kwenye orodha haimo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ile ya OSHA, inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi salama na atathmini hatari zilizopo. Maneno yake ni mapana, ukibishana vizuri unaweza kuingiza na kipigo. Ila wakaguzi wanaangalia mashine, umeme, vumbi, kemikali, sanduku la huduma ya kwanza. Sijakutana na ripoti ya ukaguzi inayouliza "wafanyakazi wako wanapigwa na nani, saa ngapi, wakiwa wangapi?" Kanuni mahususi ndiyo ingelazimisha swali hilo liwemo kwenye fomu.

Sasa sikilizeni hii. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataja makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi. Mojawapo ni kumshambulia mfanyakazi mwenzako, mgavi, mteja, hata ndugu wa mwajiri. Kwa hiyo karani angemrudishia yule kijana kofi moja tu, mwajiri ana kifungu cha kumfukuza. Kijana kamvunja mkono karani, mwajiri hana kifungu mahususi kinachomlazimisha afanye chochote ndani ya ghala lake. Upande mmoja wa kofi umeandikiwa sheria, upande wa pili umeachiwa mwenyekiti wa kijiji.

Halafu fidia. Kuumia kwako kumetokana na kazi na kumetokea ukiwa kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wa sheria ya 2008, haukuwekwa kwa ajili ya mashine peke yake. Ulitakiwa utoe taarifa kwa mwajiri, naye aitoe kwa Mfuko. Akikwambia wewe kibarua wa msimu si mfanyakazi, kuna kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004: kama anakupangia saa na anakuelekeza namna ya kufanya kazi, sheria inaanza kwa kukuhesabu ni mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo. Njoo faragha tuangalie tarehe zako kabla hazijakutupa mkono.

#8 Karani wa Mizani

Wakili umenitoa machozi bila kunipiga. Nakuja faragha.

#9 Lodji na Baa Masasi

Naomba niwe mtu mbaya wa uzi huu.

Nina baa na vyumba kumi na viwili, wafanyakazi tisa. Kila mwezi kuna bahasha ya taasisi fulani mezani. Mkileta na kanuni ya vurugu, atakuja mkaguzi, ataniuliza mpango wangu uko wapi, nitamlipa mtu wa Dar aniandikie kurasa arobaini, nitaziweka kwenye droo, na mlevi ataendelea kumvuta mhudumu wangu mkono vilevile. Nani kafaidika?

Na nyie mnaosema mwajiri hajali, mimi nimeshawahi kuruka kaunta kumwokoa binti wa watu. Nikapasuliwa mdomo. Mwajiri naye ana meno.

#10 Zamu ya Usiku

Baba, hongera kwa kuruka kaunta. Usiku ambao haupo, anaruka nani?

#11 Lodji na Baa Masasi

Hapo umenipata mama. Ila kurasa arobaini nazikataa.

#12 Mtoto wa Mikindani, ughaibuni

Nasoma huku nikiwa mapumziko ya kazi. Niko California, nasukuma vitanda hospitali. Nieleze huku ilivyo, maana watu wanadhani Ulaya na Marekani hili lilishaisha. Halijaisha.

Kwanza, Marekani yote kwa ujumla haina kanuni ya taifa ya vurugu kazini. OSHA yao (jina moja na yetu, baba mbalimbali) inatumia kifungu kimoja cha jumla cha sheria ya 1970, kile cha mwajiri kuondoa hatari zinazojulikana. Wauguzi wamesukuma miaka, Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada wa wafanyakazi wa afya na ustawi wa jamii 2019, likapitisha tena 2021, mara zote haukutoka Seneti. Waliokuwa wanapinga walisema yale yale ya mkuu wa Masasi: gharama, makaratasi.

Ila jimbo la California halikusubiri. Hospitali ziliwekewa kanuni 2017. Tarehe 1 Julai 2024 ikaja ya waajiri karibu wote. Mpango uandikwe, wafanyakazi washirikishwe kuuandika, wafundishwe, na kuwe na daftari la matukio. Na mkuu wa Masasi sikia: sehemu yenye wafanyakazi chini ya kumi na ambayo umma hauingii wameiacha nje. Wewe baa yako umma unaingia, pole.

Kitu ninachokiona kwa macho yangu ni hilo daftari. Mgonjwa akinirushia sahani, naandika: saa, mahali, tulikuwa wangapi, nini kilitangulia. Hakuna anayeuliza "ulimjibuje". Baada ya miezi michache wakagundua matukio mengi yanatokea kwenye korido moja, jioni, wakati wa kubadilishana zamu, watu hawapo na chakula kimechelewa. Wakabadili saa za chakula. Basi. Hapakuwa na askari wala kamera, ni ubwabwa tu umewahi.

#13 Mla Ming'oko

Kumbe hata Marekani njaa inapiga watu.

#14 Mkulima wa Kitangari

Niwaulize mliosoma. Mbona sisi wakulima hatuna msemaji humu? Karani ameeleza vizuri, mkono wake unauma, nampa pole. Lakini kuna mizani zinachezewa. Kuna karani anapima kilo 82 nyumbani kwangu zilikuwa 86. Kuna magunia "mabichi" ambayo ukitoa kitu kidogo yanakauka palepale mezani. Watu hawapigi mbao kwa uchizi.

#15 Mzee wa Liwale

Mwanangu hapo juu amesema kweli na karani naye amesema kweli, ndio ugumu wa jambo hili.

Aprili 2013 nilikuwepo Liwale. Malipo ya korosho yalikuja pungufu ya watu walivyoahidiwa, na kabla ya usiku kuisha nyumba za viongozi zilikuwa zinawaka. Wapo waliostahili kuulizwa maswali mazito. Wapo pia waliochomewa nyumba kwa kuwa tu jina lao lilikuwa kwenye karatasi ya malipo. Moto haukuuliza cheo.

Aliyeko mbele ya dirisha hubeba lawama ya aliyeko juu. Bei haipangi karani. Makato hapangi karani.

#16 Karani wa Mizani

Shikamoo mzee wangu. Na wewe mkulima wa Kitangari sikubishii, wezi wa mizani wapo na wanatuharibia sote. Tena hoja yako inanisaidia.

Nilivyokaa na plasta nikawa nafikiria ile siku. Skrini ya mizani inaniangalia mimi, mkulima yuko mgongoni mwake, haoni namba. Kupima unyevu napima kwa mkono na sikio, yeye anaona natikisa tu nasema hapana. Akitaka kukata rufaa hakuna wa kumwendea, ni mimi au aondoke. Na mimi niko peke yangu tangu saa moja asubuhi mpaka gunia la mwisho. Hapo vurugu imeshaandaliwa, inasubiri mtu wa kuichukua.

Geuza skrini aione. Weka kipima unyevu mezani, asome mwenyewe. Weka mtu wa pili wa kusikiliza malalamiko. Nipe ruhusa ya kusimamisha upimaji watu wakianza kusukumana, bila kukatwa siku. Nimewaza kwa sauti tu, sijui kama hayo ndiyo yanaitwa kanuni.

#17 Wakili wa Mikoani

Ndiyo yanaitwa kanuni, mkuu. Umeandika kwa mkono wa kushoto kitu ambacho Shirika la Kazi Duniani walikaa Geneva kukiandika.

Mkataba Na. 190 ulipitishwa Juni 2019, ukaanza kutumika Juni 2021. Unamtaka mwajiri aihesabu vurugu kama hatari nyingine yoyote ya kazini, aitathmini pamoja na wafanyakazi, aweke kinga. Unahusu na vibarua, wanaojifunza kazi, mjini na kijijini, sekta rasmi na isiyo rasmi. Unatambua kwamba anayeumiza anaweza kuwa mtu wa nje, mteja au mgonjwa. Na unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa mahali akiona hatari iko karibu, ndiyo hiyo "ruhusa ya kusimamisha upimaji" yako. Afrika Kusini waliuridhia 2021, Uganda na Rwanda 2023. Mpaka 2023 inaisha sisi hatukuwemo.

Lakini hata kabla ya kuridhia, waziri mwenye dhamana ya kazi ana mamlaka ya kutunga kanuni chini ya ile sheria ya 2003. Bunge halihitajiki. Panapohitajika msukumo ni LESCO, baraza ambalo serikali, TUCTA (shirikisho la vyama vya wafanyakazi) na chama cha waajiri wanakaa meza moja. Wauguzi wana chama chao, TUGHE. Wahudumu wa baa CHODAWU. Karani wa msimu ndiye hana pa kuingilia, na ndiye anayepigwa.

#18 Mbanguaji

Habari zenu. Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu, simu ni ya mdogo wangu.

Nyote mnaongelea wateja. Mimi nabangua korosho kiwandani, sisi mteja hatumuoni. Vidole vyangu mafuta ya korosho yameshavichubua, hilo nimezoea, majivu yanasaidia kidogo. Sijazoea geti.

Jioni tukitoka tunapekuliwa, wasije wakaibiwa korosho nyeupe. Tunapanga mstari wanawake mia na kitu. Mpekuzi wa kike yupo mmoja, siku hayupo anapekua mwanaume. Anaanzia kwenye kilemba, anashuka. Khanga unaambiwa ufungue uifunge tena. Ukisema kitu unaambiwa "wewe una nini unaficha?" Kuna mama wa makamo ya mama yangu, siku moja alilia pale mstarini, kesho yake alikuja amevaa suruali tatu.

Hatupigwi. Ndio maana sijui kama uzi huu unanihusu.

#19 Sheria Ziko Wazi

Dada, kiwanda kina haki ya kulinda mali yake. Upekuzi upo hata uwanja wa ndege.

#20 Zamu ya Usiku

Uwanja wa ndege ukipekuliwa na mwanaume kifuani utanyamaza? Au mkeo atanyamaza?

Mdogo wangu #18, uzi huu unakuhusu kuliko sisi wote.

#21 Wakili wa Mikoani

Unamhusu, na yeye kifungu cha 7 kinamgusa kwa sababu ya jinsia. Mkataba 190 nao hausemi kipigo tu, unataja vurugu na unyanyasaji, hata wa mara moja, wa kumwumiza mtu mwili, akili, kingono au kiuchumi. Na kinga yake hapa haina gharama ya kurasa arobaini. Wapekuzi wawili wa kike na pazia.

#22 Lodji na Baa Masasi

Nimekaa kimya nasoma. Pazia hata mimi naweza.

Nimewauliza mabinti zangu jana, kabla hatujafungua, nani kashikwa wiki hii. Nilidhani nitasikia mmoja. Wote watano wa jioni, na watatu walitaja meza ileile ya nyuma kule taa ilikoungua. Nimebadili taa. Msinipigie makofi, ni shilingi elfu nne.

#23 Mla Ming'oko

Sikupigii makofi lakini Jumamosi nakunywa kwako, meza ya mbele.

#24 Karani wa Mizani

Mrejesho, wakuu.

Wakili amenisaidia, taarifa ya kuumia imepelekwa rasmi kwa mwajiri kwa maandishi, nakala ninayo na mhuri wa kupokelewa. Kiongozi alisaini huku ananiangalia kama nimemwibia kuku. Majibu bado.

La pili, nimenunua kaunta buku, kubwa ile ya jalada gumu, nimepiga mistari kama alivyoeleza mtoto wa Mikindani: tarehe, saa, mahali, tulikuwa wangapi, nini kilitangulia, kilitokea nini, mwajiri alifanya nini. Safu ya mwisho nimeiacha nyembamba makusudi. Makarani wenzangu kumi na mmoja wa vyama vya jirani wamekubali kila mmoja awe na lake msimu huu. Zamu ya Usiku amesema atashika la kwake. Tukifika Mei Mosi nataka yawe mezani, kiongozi wa TUCTA mkoa ayafungue mwenyewe, asisikilize hotuba yangu.

Mkulima wa Kitangari, nimeongeza safu ya malalamiko ya mkulima. Ukiniletea kilo 86 zikasoma 82, andika, na mimi nasaini.

#25 Mkulima wa Kitangari

Ukisaini kweli nitakuletea jogoo mwingine, wa amani.

#26 Mbanguaji

Kaka karani, sisi daftari haliruhusiwi kupita getini. Hata kalamu wanauliza ya nini.

#27 Karani wa Mizani

Usiingie nalo dada. Liache kwa mama ntilie wa nje ya geti, mkitoka kila mtu aandike lake kabla hajapanda bodaboda. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake. Nitapita Jumamosi kuleta mawili, moja peke yake litajaa haraka.